Charles Darwin, baba aliyeogopa kuwarithisha watoto wake ugonjwa

Jina la Charles Darwin ulilikuta darasani, kwenye somo la baiolojia, na pengine hukulipenda. Kama mafundisho yake kuhusu asili ya viumbe yanagongana na imani yako, yaweke kando kwa leo. Leo namleta kwako kama mgonjwa, na kama baba wa watoto kumi. Kwa zaidi ya miaka 40 mtu huyu alitapika, alichoka, aliumwa kichwa na moyo ulimwenda mbio, na hakuna daktari wa zama zake aliyeweza kumweleza anaumwa nini. Kilichomtesa kuliko kutapika ni wazo kwamba amewapa watoto wake ugonjwa ule.

Namleta hasa kwa ajili yako wewe mama wa Ipuli, hapo Tabora, uliyezaa watoto watatu kwa baba mmoja. Tuseme wa kwanza hana tatizo lolote. Wa pili anaanguka kifafa, na mara moja alipooza upande mmoja kwa siku kadhaa kisha akarudi katika hali yake. Wa tatu masikio yanazidi kuwa mazito mwaka hadi mwaka. Wewe mwenyewe una kisukari ingawa hujawahi kuwa mnene, na mdogo wako wa kike kope zake zimelegea kama mtu mwenye usingizi. Majirani wanauliza: nyumba moja, chungu kimoja, tumbo moja, mbona hawa hawafanani? Wasipopata jibu wanaanza kumtafuta mtu. Kanda yetu inajua swali hilo linakoishia. Wako bibi zetu waliouawa kwa mapanga kwa sababu tu mtoto wa jirani aliugua ugonjwa usioeleweka.

Basi sikiliza kwanza habari za ukoo huu wa Uingereza.

Darwin alizaliwa Februari 12, 1809, katika mji wa Shrewsbury. Baba yake, Robert, alikuwa daktari mwenye umbo kubwa na mali nyingi. Mama yake, Susannah, alitoka ukoo wa Wedgwood, wafinyanzi matajiri ambao sahani na vikombe vyao vilifika hadi mezani kwa wafalme. Babu yake mzaa mama, Josiah Wedgwood, ndiye aliyetengeneza mwaka 1787 kile kidani cha udongo chenye sura ya Mwafrika aliyefungwa minyororo, kilichovaliwa na Waingereza waliotaka biashara ya utumwa ikomeshwe. Minyororo ya namna hiyo iliendelea kupita Tabora kwa miaka mingi baada ya mzee huyo kufa.

Susannah alikuwa mtu wa kuumwaumwa. Alifariki Julai 1817 baada ya maumivu makali ya tumbo, akiwa na miaka 52. Charles alikuwa na miaka minane tu, na alipokuwa mtu mzima alikumbuka mambo machache mno kuhusu mama yake.

Kwetu, mtoto akiugua ugonjwa usioeleweka, wazee huuliza na habari za wajomba. Ni desturi nzuri, na leo itatusaidia. Bibi yake Darwin mzaa mama, Sarah, alizaa watoto wanane, na Susannah alikuwa wa kwanza wao. Wa mwisho, yule ambaye Darwin angemwita mama mdogo, aliitwa Mary Anne. Huyo alisumbuliwa na degedege tangu utotoni na akafa mwaka 1786 akiwa bado mtoto. Mjomba Tom alikuwa na akili kali. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kujaribu kunasa picha kwa mwanga juu ya karatasi yenye dawa ya fedha, na taarifa ya majaribio yake ilichapishwa mwaka 1802. Lakini alikuwa hoi kwa kichwa, tumbo na kukosa nguvu, akasafiri huku na huko kutafuta hali ya hewa itakayompa nafuu, akaishia kutegemea kasumba kutuliza maumivu. Alifariki mwaka 1805 akiwa na miaka 34. Mjomba mwingine, Josiah kama baba yake, aliishi hadi miaka 74. Na mama mdogo Sarah, aliyeitwa jina la mama yake, alifika karibu miaka 80.

Hawa wote ni wa mama mmoja. Mmoja hakumaliza utoto, mwingine hakufika uzee, wengine waliwazika ndugu zao na kuendelea na maisha. Ungekuwa jirani yao ungesemaje?

Kijana Charles hakuonekana kama mtu atakayekuja kuwa mgonjwa. Mwaka 1825 baba yake alimpeleka Edinburgh kusomea udaktari. Siku hizo upasuaji ulifanywa bila dawa ya usingizi, na aliposhuhudia mtoto akipasuliwa alitoka mbio chumbani na hakurudi tena. Baba akambadilishia njia, akampeleka Cambridge asomee kazi ya kanisa. Kisha ikaja nafasi ya kusafiri na meli ya Beagle, iliyoondoka Uingereza Desemba 27, 1831 na kurejea Oktoba 1836. Baharini alitapika karibu safari nzima. Nchi kavu, hata hivyo, huko Amerika Kusini, alipanda farasi siku nyingi mfululizo, alipanda milima na kulala nje. Kwetu hakufika. Mahali pa karibu zaidi na pwani yetu alipokanyaga ni kisiwa cha Mauritius, mwaka 1836.

Ugonjwa wenyewe ulianza kumkamata aliporudi, akiwa bado hajafika miaka 30. Januari 1839 alimwoa Emma Wedgwood, mtoto wa yule mjomba wake Josiah. Shika vizuri jambo hilo, tutalirudia. Mwaka 1842 walihamia kijiji cha Down, nje ya London, na hapo ndipo alipokaa hadi kufa.

Dalili zake alizifuatilia kwa uangalifu ule ule aliotumia kuchunguza njiwa na minyoo. Kuanzia 1849 hadi 1855 alikuwa na daftari la afya, akiandika siku baada ya siku jinsi mchana na usiku vilivyopita. Saa chache baada ya kula tumbo lilijaa gesi. Kisha kutapika, mara nyingi usiku. Kichwa kiliuma, mikono ilitetemeka, macho yaliona madoa, moyo ulidunda kupita kiasi, ngozi ilitoka ukurutu na majipu. Na uchovu, uchovu usioisha hata baada ya kulala. Wageni walikuwa hatari kwake: mazungumzo ya nusu saa na rafiki aliyempenda yangeweza kumharibia usiku mzima. Siku nyingi aliweza kufanya kazi saa chache tu. Baba yake alipofariki Novemba 1848, Charles alikuwa dhaifu kiasi kwamba alichelewa kufika mazikoni.

Wewe mwenye ugonjwa wa aina hii utaelewa jambo lingine lililomuumiza. Uso wake ulionekana wa mtu mzima wa afya. Watu walimsifu kwamba amependeza, na yeye alijua wengine wanadhani anajisingizia.

Alizunguka kwa madaktari wengi. Mwaka 1849 alikwenda Malvern kwa daktari aliyetibu kwa maji, akafungwa mashuka yaliyolowa, akamwagiwa maji baridi, akakatazwa sukari na siagi. Alipata nafuu, akarudi nyumbani na matumaini, ugonjwa ukarudi naye.

Kisha ikaja zamu ya binti yake, Annie. Alikuwa mtoto wa miaka kumi, mchangamfu, kipenzi cha baba. Alianza kuumwa mwaka 1850, na tumbo likawa sehemu ya ugonjwa wake. Darwin alimpeleka Malvern kule kule, akakaa kando ya kitanda chake akihesabu kila tapiko, na Emma alibaki nyumbani akiwa mjamzito. Annie alifariki Aprili 23, 1851. Baba yake aliona katika tumbo la mtoto yule tumbo lake mwenyewe. Tangu hapo kila mtoto wake alipolalamika kichefuchefu au kuchoka, alitafuta humo alama za ugonjwa wake. Kati ya watoto kumi, watatu walikufa wadogo, na kadhaa kati ya waliobaki walikuwa wa kuumwaumwa.

Wa mwisho kufa utotoni alikuwa Charles Waring, mwaka 1858, na hapa hadithi inapita karibu na mlango wako. Juni ya mwaka huo msafara wa Burton na Speke ulikuwa umerudi Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa, ukitoka Ujiji. Wote wawili walikuwa wamedhoofika kwa maradhi ya njiani. Julai Speke alielekea kaskazini, akaliona Ziwa Nyanza mwanzoni mwa Agosti. Juni hiyo hiyo, kule Down, Darwin alipokea barua kutoka kwa Alfred Russel Wallace, aliyekuwa visiwa vya mbali vya Asia, yenye wazo lile lile ambalo yeye Darwin amelikalia kwa miaka 20. Katikati ya tafrani hiyo mtoto akashikwa na homa nyekundu, akafa Juni 28, akiwa na miezi 18. Siku tatu baadaye maandiko ya Wallace na Darwin yalisomwa pamoja London mbele ya wataalamu. Darwin hakuwepo.

Sasa tutumie hiyo misafara ya Tabora kuelewa kilichoweza kuwa kinamsumbua.

Karibu kila seli ya mwili wako ina viungo vidogo sana vinavyoitwa mitokondria. Kazi yake ni kugeuza chakula na hewa kuwa nguvu. Zichukulie kama wapagazi wa Kinyamwezi: bila wao msafara hausogei hatua. Seli inayohitaji nguvu nyingi, kama ya ubongo, moyo, msuli, jicho, sikio la ndani au kongosho, ina wapagazi wengi, mamia hadi maelfu. Na wapagazi hawa wana jambo la ajabu: wana vinasaba vyao wenyewe, jeni 37, mbali na vile vinasaba vingi vilivyo ndani ya kiini cha seli ambavyo nusu hutoka kwa baba na nusu kwa mama.

Vinasaba vya mitokondria karibu daima hutoka kwa mama peke yake. Yai la mama lina nakala zaidi ya laki moja. Mbegu ya baba inaingia na chache tu, na hizo huharibiwa muda mfupi baada ya mimba kutungwa. Kwa hiyo mtoto wa kiume huzipokea kwa mama yake, anaishi nazo, lakini hawapi watoto wake. Mtoto wa kike huzipokea na huzipitisha.

Je, mbona watoto wa mama mmoja hawafanani? Fikiria msafara mkubwa umetoka Bagamoyo, umefika Tabora. Hapo njia zilikuwa zinagawanyika: wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji, wengine walikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Tuseme katika kila wapagazi mia, thelathini ni wagonjwa. Sasa kiongozi anachukua kikundi kidogo usiku wa giza bila kuwaangalia nyuso, anakipeleka Ujiji. Kingine Karagwe. Kikundi kimoja kinaweza kuangukiwa na wagonjwa watano kati ya mia, kingine themanini. Hakuna aliyekusudia, hakuna aliyelogwa. Mayai ya mwanamke yanapotengenezwa, yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, jambo kama hilo hutokea: mitokondria hupita kwenye njia nyembamba, na kila yai linaondoka na mgao wake wa nzima na mbovu.

Mtoto mwenye mbovu chache anaweza kuishi miaka 80 asijue kitu. Mwenye nyingi anaugua mapema. Kwa kawaida dalili hujitokeza mbovu zinapokuwa sehemu kubwa, mara nyingi zaidi ya nusu, katika kiungo fulani. Nasema katika kiungo fulani kwa sababu mgao hauishii kwenye yai. Mwili unapokua, seli zinagawana tena, na mtu mmoja anaweza kuwa na mbovu nyingi kwenye misuli na chache kwenye damu. Ndiyo maana kasoro moja ile ile inaweza kumpa mama kisukari na uziwi, ikampa kijana wake degedege na kiharusi, ikampa binti kipandauso na kutapika, na ikampita mwingine kimya kabisa.

Kasoro moja ya namna hiyo, iliyo maarufu kuliko zote, iligunduliwa mwaka 1990. Mwaka 2013 daktari wa Australia, John Hayman, alitoa hoja kwamba ndiyo iliyokuwa inamsumbua Darwin. Angalia tena ule ukoo wa wajomba kwa jicho hilo: bibi Sarah aliyeishi maisha marefu, mtoto wake wa mwisho mwenye degedege, Tom wa kichwa na tumbo, Susannah wa kuumwaumwa, wengine wazima. Watoto wa Susannah nao hawakufanana. Charles alikuwa kama tulivyoona. Kaka yake Erasmus alikuwa mdhaifu maisha yake yote, ingawa alifika miaka 76. Dada yao Caroline alifikisha 87. Caroline alizaa binti, Margaret, na Margaret akamzaa Ralph Vaughan Williams, mtunzi mkubwa wa muziki wa Uingereza aliyefariki mwaka 1958 akiwa na miaka 85. Kama hoja ya Hayman ni sahihi, mtunzi huyo alitoka katika mlolongo ule ule wa mama kwa binti.

Hoja hii ina wapinzani. Wapo wanaosema Darwin aliambukizwa na mdudu aliyemuuma Amerika Kusini mwaka 1835. Wapo wanaosema maziwa yalimkataa, au kwamba ilikuwa hofu na msongo wa mawazo. Mifupa yake iko Westminster Abbey na hakuna aliyempima. Mimi naona ukoo wa wajomba unaipa hoja ya Hayman uzito ambao hoja nyingine hazina, lakini hata ukiikataa, angalia inachosema kuhusu ile hofu ya Darwin.

Alijilaumu kwa mambo mawili: kwamba yeye ni mgonjwa, na kwamba alimwoa mtoto wa mjomba. Kwa jambo la kwanza, kama ugonjwa wake ulikuwa wa mitokondria za mama, hakuweza kumpa mtoto wake hata mmoja. Mlolongo ulikoma kwake. Emma naye hakuwa nao, kwa sababu yeye ni mtoto wa mjomba: baba yake alizipokea kwa bibi Sarah lakini hakumpitishia. Annie, aliyekaliwa kitandani na baba mwenye hatia moyoni, hakuwa na wapagazi wa Susannah hata mmoja. Tumbo lake liliuma kwa sababu nyingine. Wengi wanadhani kifua kikuu. Huzuni yote ile ilitokana na jambo ambalo lisingeweza kutokea.

Jambo la pili lina ukweli ndani yake. Mitokondria zinahitaji protini zaidi ya 1,000, na nyingi kati ya hizo zinatoka kwenye vinasaba vya kawaida vya kiini cha seli, vile vya baba na mama. Kuna magonjwa ya mitokondria, hasa yanayoanza utotoni, ambayo mtoto huyapata pale tu baba na mama wote wawili wanapokuwa na kasoro ile ile iliyojificha. Wazazi wenyewe ni wazima. Ndugu wa damu wakioana, uwezekano wa kukutanisha kasoro hiyo unaongezeka, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Selimundu hurithiwa kwa njia hiyo hiyo. Darwin alilishuku hilo kabla jeni hazijajulikana. Mwaka 1870 alimwomba rafiki yake mbunge apeleke hoja ili sensa ya mwaka uliofuata iwaulize watu kama wameoa binamu zao, na afya ya watoto ikoje. Bunge lilikataa. Mwanawe George alifanya utafiti mwenyewe juu ya jambo hilo na kuuchapisha mwaka 1875.

Miaka kumi ya mwisho ilimwendea Darwin vizuri zaidi kuliko iliyotangulia. Kutapika kulipungua. Alifariki Aprili 19, 1882, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73, Emma akiwa kando yake. Wale watoto aliowahofia waliishi. Watatu wao wakawa wanasayansi wa kuheshimika, na Leonard, aliyekuwa hai mwisho kuliko wote, alifariki mwaka 1943 akiwa na miaka 93.

Sasa nirudi kwako. Mtoto wako akishikwa na degedege hapo Ipuli, usianze na mitokondria. Anza na malaria, homa kali, maambukizi ya ubongo, sukari kushuka, au selimundu. Hayo ndiyo ya kawaida, yanaua haraka na yanatibika. Mpeleke kituo cha afya usiku huo huo. Magonjwa ya mitokondria ni ya nadra. Yanapaswa kuingia akilini pale mambo yanapokusanyika katika ukoo wa upande wa mama: kisukari kwa mtu mwembamba akiwa bado kijana, uziwi unaozidi, kiharusi kabla ya miaka 40, kifafa kisichosikia dawa, kope kulegea, moyo kutanuka, kuona kufifia macho yote mawili, misuli kuchoka kwa kazi ndogo, mtoto kutokukua urefu kama wenzake. Dalili moja peke yake haisemi mengi. Mbili au tatu kwa watu tofauti wa mlolongo wa mama zinasema.

Kipimo cha vinasaba ni cha gharama na huenda ukaambiwa usubiri. Karatasi ya ukoo haina gharama. Kabla ya kwenda Kitete, au kabla ya kupewa rufaa kwenda Bugando au Muhimbili, kaa na mama yako na wadogo zake uandike: bibi mzaa mama, watoto wake wote pamoja na waliokufa wadogo, kila mmoja aliumwa nini na alikufa na umri gani. Kisha watoto wa dada zako. Watoto wa kaka zako waandike pembeni, kwa sababu kama kasoro ni ya mama, wao wako nje ya mlolongo. Mpe daktari karatasi hiyo. Ukifika mahali pa kupimwa kasoro ile iliyohusishwa na Darwin, uliza kama wanaweza kutumia mkojo. Kwenye damu mbovu hupungua umri unavyokwenda, na majibu yanaweza kudanganya.

Karatasi hiyo inaweza pia kubadilisha dawa utakayopewa. Kuna familia ambazo kwa kasoro ya mitokondria ya upande wa mama, sindano za gentamaisini au streptomaisini huwatia uziwi hata kwa dozi ya kawaida. Kama mama, mjomba au dada yako alipoteza usikivu baada ya sindano za namna hiyo, sema kabla hujachomwa. Dawa ya kifafa ya valproeti nayo inaweza kuharibu vibaya ini la mtoto mwenye baadhi ya magonjwa haya. Usiache dawa kwa kusoma gazeti, kuacha ghafla dawa ya kifafa kunaweza kuua. Muulize daktari aliyekuandikia.

Tiba ya kuondoa ugonjwa bado haipo, lakini kuna mengi ya kufanya: kudhibiti sukari, kifaa cha kusaidia kusikia, dawa za kifafa zinazofaa, kupima moyo kila mwaka. Homa itibiwe mapema, kwa sababu homa na njaa huwachosha wapagazi waliokwisha kuchoka. Mtoto mgonjwa asikae muda mrefu bila kula. Kama ni mtu mzima na Ramadhani inakaribia, zungumza na daktari kwanza kuhusu kufunga. Uingereza ya Darwin ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza, mwaka 2015, kuruhusu kwa sheria njia ya kutunga mimba kwa kutumia mitokondria za mwanamke mwingine ili mama mwenye kasoro apate mtoto asiye nayo. Huku kwetu hatujafika huko.

Na wewe baba, kama mama yako na dada zako wana ugonjwa huu na wewe unaona dalili zake mwilini mwako, watoto wako hawakuupata kwako. Wanaohitaji kuulizwa hali zao wiki hii ni watoto wa dada yako.